Chumba Chenye Joto

Mama Odilia walimkuta asubuhi, mwezi wa saba huu uliopita, amefariki, amelala ubavu katika chumba cha nyuma pale Kizwite, bila moto, bila jiko la mkaa, na blanketi moja jepesi ambalo mtu wa Dar es Salaam angelitandika kwenye kochi. Mwezi wa saba, Sumbawanga! Anayeujua upepo wetu wa mwezi huo hahitaji kuelezwa, na asiyeujua Mungu amwepushe nao. Nilipigiwa simu na jirani, nikapanda basi la alfajiri, na njia nzima pampu yangu ya pumu ilikuwa mkononi, si kwamba kifua kilinibana, bali mkono ulitaka kitu cha kushika. Ya kwetu Mpui, nani alimzaa nani na nani alimkosea nani, nayaacha. Yana wenyewe, na wengine bado wamenuna. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa kwa mama huyo nikisoma kidato cha tatu shule ya kutwa, nina miaka kumi na saba na kifua kinacholia. Ni mwaka niliokaribia kufa kwa kupendwa. Nimeyaweka moyoni muda mrefu, na mimi si mtu wa kuweka mambo moyoni, waulize niliowafundisha.

Nilifika Januari mvua imeshika, sanduku la bati kichwani na godoro nimelifunga kwa kamba ya katani. Mama Odilia alikuwa mwanamke mrefu, mikono mikubwa, sauti ya chini, na alikuwa ameniandalia chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, na katikati ya karibu na pole za safari nikakohoa. Akaniambia nigeuke, akaweka sikio mgongoni pangu, juu ya blauzi iliyolowa, akasikiliza ile filimbi iliyokuwa ikipiga ndani yangu tangu utotoni. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. Alilitoa sanduku langu chumba cha mbele akalipeleka chumba cha nyuma, akarudi kuchukua godoro, na mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na jembe begani, alimtazama akipita mara mbili. Mimi, kwa ujinga wa mgeni, nikauliza Odilia yuko wapi nimsalimie. Mama akasema, "Kitanda hiki ni chake," na kwa jinsi alivyokipangusa kwa kiganja nikaelewa kwamba Odilia ni marehemu na kwamba nisiulize tena. Sikuuliza.

Chumba kile kilipakana na jiko, na ukuta wa katikati haukufika juu. Jioni moto ukiwashwa, joto lilipanda, likavuka ukuta, likanishukia mimi wa upande wa pili, na moshi nao ukafuata nyuma. Juu ya kitanda mahindi ya mbegu yalining'inia kwenye fito, meusi kwa masizi, maana mahindi yaliyokaa kwenye moshi hayaliwi na wadudu. Pembeni kulikuwa na kihenge cha ulezi kirefu kunizidi. Dirisha lilikuwa dogo, nalo lilizibwa kwa gunia na kukandikwa udongo. Usinielewe vibaya: kile kilikuwa chumba cha heshima kuliko vyote. Kwa Wafipa wa rika la mama yule, mgeni halazwi na ulezi. Ulezi ni ugali, ni uji wa mzazi, ni pombe ya kuwaitia watu shambani, ni mbegu ya mwakani. Anayelala nao ni mtoto wa nyumba. Nilipewa kitanda cha marehemu na ulinzi wa chakula siku ya kwanza tu, kwa sababu ya kikohozi kimoja. "Kifua kinataka joto," alisema Mama, na neno hilo nikaja kulisikia asubuhi na jioni kama sala ya malaika. Usiku wa kwanza nililala usingizi mtamu, nisidanganye. Nilikuwa nimelowa na nilikuwa na baridi.

Kufikia Machi nilikuwa silali, nakaa. Nilikaa kitandani nimeegemea kihenge, viwiko juu ya magoti, nikivuta pumzi kwa zamu, na kila nikivuta nilisikia vumbi la ulezi kooni. Asubuhi nilikuta mate yangu yana weusi. Mama alikuwa ananisikia, na kila aliponisikia aliamka kuchochea. Alinipikia vizuri, Mungu amlipe: ugali wa ulezi uliosongwa ukasongeka, maharage yenye karanga, migebuka ya kukausha, samaki wa ziwani, na siku kumbikumbi walipotoka alinichagulia wanono akawakaanga kwa chumvi. Aliniketisha kwenye kigoda jikoni, karibu na mafiga kuliko mtu yeyote, na majirani waliokuja kuomba kaa la moto walinitazama mimi na kitanda kwa zamu. Siku moja nikiwa ndani nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake nje, kwa Kifipa, kwamba huyu ndiye wa pili. Mwenzake akasema hata mkohozo ni uleule, na katika nyumba kama hiyo lazima kuna mkono wa mtu. Watu wa mbali wakisikia jina la mji wetu hukimbilia kuuliza habari za uchawi, na sisi hukasirika. Lakini siku ile nilikaa nyuma ya mlango nimeshika ndoo tupu. Niliogopa. Nilimwogopa Odilia, nilikiogopa kitanda, na niliogopa kumwambia mtu kuwa naogopa.

Aliyenitoa katika ujinga alikuwa Minza, msichana wa Kisukuma niliyekaa naye dawati moja. Kwao walikuwa wafugaji, wamehamia nje ya Kasense na ng'ombe wao, na darasani Wafipa wengi walimkalia mbali eti ananuka maziwa. Mimi sikuwa na pumzi ya kubagua mtu. Siku moja ya Mei kifua kilinibana katikati ya somo la jiografia, mwalimu akadhani nafanya mzaha, na ni Minza aliyeona kucha zangu zimegeuka bluu. Hakumwomba mwalimu ruhusa. Alinishika mkono tukaenda zahanati hatua kwa hatua, yeye akihesabu kwa Kisukuma na mimi nikipumua kwa hesabu yake, na nikisimama anasimama, wala hakusema harakisha. Wengine wote maishani mwangu waliniambia nijikaze. Pumu haikazwi, ndugu zangu. Ukijikaza ndiyo unafunga mlango.

Tabibu wa zahanati alikuwa mzee mchovu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinichoma sindano polepole mshipani, akasubiri, na nilipoweza kumaliza sentensi moja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu waliniuliza nimekula nini, nimerithi kwa nani, nimegombana na nani. Yeye aliuliza, "Unalala wapi?" Nikamweleza: ukuta, jiko, mahindi ya juu, kihenge, gunia la dirishani. Akaweka kalamu chini. Akauliza kama katika nyumba ile aliwahi kuwapo mwingine mwenye kifua hiki. Nikasema alikuwapo binti yao, alifariki. Akauliza binti huyo alikuwa akilala wapi, na mimi nikatazama sakafu, na Minza akanitazama mimi. Tabibu hakurudia swali. Aliandika vidonge, akanikabidhi karatasi, akasema ulezi mpya unakaribia kuvunwa, na ukiingizwa ndani nimo humo, wasimletee maiti yangu aje aandike sababu. Hama chumba, alisema, hata ukilala barazani.

Rahisi kusema. Jioni ile nilikaa kwenye kigoda changu na maneno yakiwa tayari mdomoni. Mama alikuwa anasonga ugali, Baba Odilia anachonga mpini, na mimi ninatafuta pa kuanzia, ndipo Mama akaanza yeye, bila kuulizwa, mara ya kwanza na ya mwisho kumtaja mwanawe mbele yangu. Alisema alisemwa sana na watu alipofiwa, na mengi aliyaamini. Lakini kitu kimoja hawakuweza kumnyang'anya. "Sikulala miezi miwili nikichochea moto," alisema. "Odilia wangu hakufa na baridi. Hilo Mungu analijua." Kisha akanimegea ugali, akaniwekea mgebuka mzima, na akanisogezea kigoda karibu zaidi na moto. Nilikula. Ningemwambia nini? Kwamba moto ule ule? Kwamba alikesha miezi miwili akimuua mwanawe kwa mkono wake? Nilikuwa mtoto, lakini si mjinga kiasi hicho. Nikajiona nimewekwa mahali pabaya: nikinyamaza nakufa mimi, nikisema anakufa yeye, na wa kuchagua ni mimi.

Nikaanza ujanja wa mtoto. Nilisema nataka kulala sebuleni nisome. Akasema sebuleni kuna upepo, akanisogezea taa chumbani. Nilisema joto linaniumiza kichwa; akanichemshia majani. Minza akanichukua Jumamosi moja kwao, ng'ambo ya Kasense, tukalala kwenye kibanda cha nyasi ambacho upepo uliingia huku ukatokea kule, mama yake akatupa maziwa na ngozi ya kulalia, na nikalala usingizi wa mfululizo mpaka ng'ombe walipotolewa. Nilitetemeka, lakini nilipumua. Niliporudi Mama hakunigombeza. Alinigusa mikono, akaikuta ya baridi, akaisugua kwa viganja vyake. Baada ya chakula nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Safari hii simpotezi. Ongeza kuni." Nikasikia kuni zikivunjwa gotini, moja, nyingine, na nyingine. Sijawahi kusikia maneno ya mapenzi yaliyonitia hofu kama yale. Kesho yake nikamsimulia Minza, naye akasema nisiposema mimi atasema yeye, na nikamwapisha kwa jina la mama yake kwamba hatasema. Aliapa huku analia kwa hasira. Akaniambia, "Wewe Mfipa una adabu ya kijinga."

Ulezi uliingia mwezi wa saba. Wanawake wa mtaa waliupura uwanjani tangu asubuhi, fimbo zikipanda na kushuka, na upepo ukachukua makapi ukayatawanya mpaka kwa majirani. Mama hakutaka nishike hata ungo. Aliniambia nikalale ndani upepo usinipige, akanifunika, akarudishia mlango, akausindika kwa jiwe. Mchana wakaanza kuingiza. Waliingia wanne, wakamimina debe baada ya debe kwenye kihenge, pembeni ya kichwa changu, na kila debe likishuka vumbi lilipanda hadi kwenye fito likakaa hapo kama ukungu wa asubuhi. Wakaniambia pole mgonjwa, wakatoka, wakafunga mlango. Nilitaka kusema nitoeni. Neno moja tu. Mabega yalikuwa yamefika masikioni, tumbo linaingia ndani, na pumzi yote niliyokuwa nayo isingetosha herufi ya kwanza. Nikawasikia nje wanacheka, wanagawana pombe ya kazi, Mama anawaambia wapunguze sauti mtoto kalala. Niliwaza kwa utulivu kabisa kwamba ndivyo alivyosikia Odilia. Sikuwa na uwezo hata wa kulia.

Minza alikuja na madaftari yangu. Ndiyo sababu ya mimi kuwepo: msichana wa watu aliyetembea kutoka Kasense kwa ajili ya madaftari. Aliondoa jiwe, akaniona, akanibeba mgongoni hadi uwanjani mbele ya wanawake wote, na Baba Odilia akaacha kibuyu chake akaleta baiskeli. Nakumbuka mgongo wa shati lake, na mkono wa Minza ukinishika kiuno huku anakimbia pembeni, anahesabu. Zahanati nilikaa siku mbili. Tabibu hakunigombeza, na hilo liliniogopesha kuliko kama angenigombeza. Siku ya kuondoka alisema tu kwamba mshipa wangu ulimsumbua kuupata, na mara nyingine huenda asiupate.

Tulirudi jioni, Baba anasukuma baiskeli na mimi juu yake. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kulikuwa na shuka safi, blanketi la pili ambalo najua aliliazima, na ng'ambo ya ukuta moto tayari unanguruma. Mama alisimama pembeni ya kitanda amenishikia pembe ya blanketi nipande. Nikasimama mlangoni na miguu ikakataa. Na hapo ndipo uongo ulipotoka, sijui ulitoka wapi, sikuwa nimeupanga. Nikasema Odilia amenijia ndotoni kule zahanati. Nikasema ameniambia nimwambie mama yake kwamba chumba ni chake, anataka aachiwe, asilale mtu mwingine, na moto usiwashwe tena karibu nacho.

Mama hakupiga kelele. Aliachia pembe ya blanketi taratibu. "Alisema?" akauliza. "Kwa mdomo wake?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Sauti yake ikoje?"

Nikasema ni nyororo, ya upole, kama yake yeye. Nilitaka kumfurahisha, Mungu anisamehe. Alinitazama muda mrefu, machoni, halafu kifuani, halafu akatazama kihenge na fito za juu, taratibu, kama mtu aliyeingia humo mara ya kwanza. Nyuma yangu Baba Odilia alivuta pumzi kama anataka kusema kitu. Mama akamwonyesha kiganja asiseme. "Basi," akasema. "Amesema, tutamsikiliza." Akachukua sanduku langu mwenyewe, akalirudisha chumba cha mbele, akafungua dirisha.

Nililala kwenye baridi na nikaishi. Kabla wiki haijaisha ulezi ulihamishiwa stoo, mahindi yakashushwa, gunia la dirishani likang'olewa pamoja na udongo wake, na Baba akajenga banda la jiko nje, mbali na nyumba, upande upepo unakokwenda. Mama alikuja kuniamsha dozi ya vidonge kwa saa, saa ambayo hakuwahi kuwa nayo kabla. Niliona yote hayo ni heshima kwa marehemu, na nilijisifu moyoni kwa akili yangu. Tulipofunga shule mwezi wa kumi na mbili nikaondoka. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya bweni. Nilirudi kumsalimia kila nilipoweza, nikiwa mwalimu, nikiwa mama wa watoto, na nilijua kwamba tangu mwaka ule alikuwa amehamia chumba cha nyuma yeye mwenyewe, analala kwenye kitanda kile msimu wote wa baridi na hataki hata jiko la mkaa. Nilidhani anakaa na mwanawe. Jina la Odilia sikulitaja tena, maana mwongo harudii uwanja alioshindia. Nikipewa chai naliangalia lile banda la jiko, nabadilisha mazungumzo.

Tulimzika Jumanne. Minza alikuja, bibi mzima sasa, na watu walitushangaa tulivyoshikana. Siku ya tatu ya matanga, wageni wamepungua, Baba Odilia aliniita pale alipoketi mkekani. Amezeeka sana, na sasa anaongea zaidi kuliko alivyoongea miaka yote niliyomjua. Akaniuliza kama nakumbuka ndoto yangu. Nikasema nakumbuka.

"Odilia alikuwa bubu, mwanangu," akasema. "Hakuwahi kutamka neno tangu azaliwe. Mama, maji, hakuna."

Aliendelea kwa sauti ileile ya kawaida. Alisema Mama alijua palepale kuwa ndoto ni uongo, na usiku ule alimwambia mumewe kwamba mtoto mwenye adabu hadanganyi bure, ametuficha kitu ambacho hawezi kukisema. Asubuhi alikwenda peke yake kwa tabibu, kwa miguu, akamuuliza, na tabibu akamweleza yote, ya moto, ya moshi, ya vumbi la ulezi. Alirudi akakaa stoo mpaka jioni. Alipotoka alimwambia mumewe abomoe jiko, na akamwapisha nisije nikajua kwamba amejua. Mama alisema, "Huyu mtoto amejifunga mdomo mpaka kukaribia kufa ili mimi nisiumie, basi na mimi sitamuumiza kwa kumwonyesha kwamba haikusaidia."

Nikamuuliza kwa nini basi ananiambia leo, na kiapo ni kiapo. Alinyoosha shuka lake magotini, akatazama wanawake waliokuwa wanaosha masufuria.

"Tulikuwa wawili wa kulibeba," akasema. "Sasa nimebaki peke yangu, na ni zito."

Nikavua viatu, nikakaa mkekani kando yake, bega kwa bega, mpaka walipotuita tukale.